Niendelee kuandika maisha yangu ya Ujerumani, au ninyamaze?

Swali: "Shikamoo mama. Nina miaka 26, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa pili kusomea uuguzi katika mji mdogo kaskazini mwa Ujerumani. Nilipofika tu nilifungua blogu ya Kiswahili, nikawa naandika maisha ya huku. Nimeweka makala 11, kisha nikakwama. Makala ya upweke wa Desemba ilimliza mama yangu siku mbili. Picha za soko la Krismasi ziliniletea maombi ya pesa kutoka kwa ndugu watano. Mwenzangu wa kazini amesema hataki sura yake ionekane kwenye blogu yangu. Na rafiki yangu wa Hamburg ananisihi nisiache, kwa kuwa anasema blogu ina pesa. Niendelee au niache? Na kama ni kuendelea, niandikeje?"

Marahaba mwanangu. Nimezisoma makala zako zote 11, nyingine jana usiku na nyingine leo alfajiri, na ninakujibu kama mtu aliyeandika maisha yake ya ugenini kwa zaidi ya miaka 15 na kuhariri ya wengine wengi. Kuandika usiache hata siku moja. Kuchapisha ndiko upunguze mwendo. Hayo ni mambo mawili, na karibu kila kilichokukuta kimetokana na kuyafanya kuwa jambo moja: ulichokiona mchana unakiweka mtandaoni usiku uleule, kabla hakijapoa.

Nianze na kwa nini usiache, maana naona umeshaanza kujihukumu. Makala yako ya tatu, ile ya saa, nimeisoma mara tatu. Ulimpigia mama simu mwezi wa kumi na mbili, ukamwambia giza limeshaingia, naye akakuuliza saa ngapi huko, ukamwambia saa kumi jioni. Akadhani kuna mvua kubwa. Kumbe hata kwake Tanga magharibi ilikuwa inakaribia, kwa kuwa wakati wa baridi Ujerumani iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili. Jua lilikuwa linawaaga nyote wawili karibu wakati mmoja, ila saa yako ilisema kumi na ya mama ikasema kumi na mbili. Halafu Juni ikaja, ukawa unafunga mapazia saa nne usiku ili upate usingizi na mwanga bado uko dirishani, wakati mama alishasali isha zamani na kulala.

Makala hiyo Mjerumani hawezi kuiandika. Saa yake haihesabiwi tangu kuche. Yetu inaanza jua linapochomoza na kuanza upya linapozama, na pwani yetu, iliyo karibu na ikweta, hesabu hiyo haikusaliti mwaka mzima. Ukaipeleka kaskazini ikavunjika mkononi mwako, na wewe ukaona mahali ilipovunjikia. Hicho ndicho anachokipata mtu aliyehama akiwa na lugha yake kichwani.

Ila macho hayo hayadumu. Mwaka wa tatu au wa nne vitu hivi vitageuka kuwa vya kawaida, na utakapotaka kuvikumbuka utavikuta vimefutika. Mimi jioni yangu ya kwanza kualikwa na Wajerumani niliwekewa ubao wa mbao wenye vipande vya mkate mweusi, jibini, matango na siagi. Nikala vipande viwili kwa adabu, nikaacha nafasi tumboni kwa ajili ya chakula chenyewe. Mwenyeji akasimama, akapangusa meza, akaleta chai ya majani ya mnanaa. Chakula chenyewe kilikuwa ni kile. Leo mimi mwenyewe nakula mkate jioni wala sifikirii, na jioni ile ningekwisha kuisahau isingekuwa daftari nililoliandika nilipofika chumbani, nikiwa na njaa, kwa kalamu iliyokuwa ikikwaruza karatasi.

Kwa hiyo uwe na vitabu viwili. Cha kwanza ni daftari, lako peke yako, la kila siku, hata mistari mitano. Cha pili ni hiyo blogu, inayochukua kutoka kwenye daftari kile tu kilichokaa kikaiva. Nakushauri miezi mitatu iwe kipimo cha chini kati ya tukio na kuchapishwa, na kwa jambo linalouma, mwaka. Najua mtandao unapenda habari mbichi. Lakini wewe si mwandishi wa habari za kila siku, na wanaokusoma hawakuja kutafuta kilichotokea leo asubuhi kwenye basi.

Binti mwenzako wa pwani alikutangulia katika nchi hiyohiyo, na aliishi hivyo hasa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliondoka Unguja 1866, na mwaka uliofuata akaolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, naye akabaki na watoto watatu wadogo katika mji wa baridi. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka 1886. Katika dibaji anaeleza kwamba alianza kukiandika kwa ajili ya wanawe, ambao wakati huo hawakujua mengi juu yake zaidi ya kwamba ni Mwarabu aliyetoka Unguja. Hakuanza na wasomaji wa Ulaya. Alianza na watoto wake. Na ukikisoma utaona kwamba sehemu kubwa ni Unguja: nyumba za kifalme, mama zake wa kambo, sikukuu, kaka zake waliogombana.

Machungu ya Ujerumani yenyewe aliyaweka kwingine, katika barua ndefu kwa rafiki wa kike wa Unguja ambaye hamtaji jina. Humo ndimo kuna baridi, ugeni, ujane na kuhesabu pesa. Barua hizo hazikuchapishwa akiwa hai. Alifariki 1924, zikakutwa miongoni mwa karatasi alizoziacha, na zikaja kuchapishwa zaidi ya miaka 60 baadaye. Nakuomba ulitazame hilo vizuri. Aliyaandika yote, wala hakujinyima. Alichochagua ni nani asome nini, na lini.

Tuje kwa mama yako. Makala ya upweke ni nzuri, mwanangu, wala haina uongo. Kosa liko kwenye njia ilivyomfikia. Alisoma kwenye simu ya jirani kwamba bintiye amekaa sikukuu nzima peke yake akila wali wa juzi, na wewe ulikuwa umeongea naye jioni ileile ukamwambia "sijambo mama, nimeshiba." Hapo kilichomliza sio upweke wako peke yake. Ni kwamba watu walijua kabla yake. Kwetu habari nzito hupelekwa kwa mdomo, na mtu wa kwanza kuisikia ni mwenye uchungu nayo. Basi kila makala yenye jambo la namna hiyo, msomee mama kwenye simu kabla haijatoka. Usimtumie aisome, msomee kwa sauti yako. Akisikia kwamba unaisoma hutetemeki, naye atatulia. Na akikuambia "hii iache", iache.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonitisha kuliko yote, na wala hukuniuliza. Makala yako ya nane inamhusu mzee wa nyumba ya wazee unakofanyia mazoezi, yule anayeshika kitana cha marehemu mkewe kila asubuhi kabla hujamwosha. Umeficha jina. Lakini umetaja mji, umetaja ghorofa, umetaja kazi aliyoifanya na ugonjwa wake. Mji wenu ni mdogo. Mtu yeyote anayemfahamu atamjua katika mstari wa pili.

Kifungu cha 203 cha sheria ya jinai ya Ujerumani kinamfunga mhudumu wa afya kutunza siri za anaowahudumia, na kinamgusa hata mwanafunzi anayejifunza kazi. Adhabu yake ni faini au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Na siri hiyo haifi na mgonjwa: sheria inaendelea kumlinda hata baada ya kuzikwa. Usijifariji kwamba umeandika Kiswahili. Google iliongeza Kiswahili kwenye huduma yake ya tafsiri tangu 2009. Msimamizi wako akibonyeza mara moja anakusoma kwa Kijerumani.

Hili nalisema kwa kuwa lilinikuta. Mwaka 2014 niliandika kuhusu bibi wa ghorofa ya juu yangu na ugomvi wake na mwanawe, nikiamini kwamba Kiswahili ni pazia. Mjukuu wake aliipata na kumtafsiria. Bibi yule hakuniambia neno. Alichofanya ni kuacha kunisalimia kwenye ngazi, yeye aliyenifundisha kutenganisha takataka na aliyeniletea keki nilipougua. Niliifuta makala siku hiyohiyo, nikamwandikia barua ya kuomba radhi, na nilihama jengo lile miaka miwili baadaye tukiwa bado hatujasalimiana. Hata leo likinijia linaniuma.

Kwa hiyo hiyo ya nane iondoe leo. Mzee na kitana chake waache kwenye daftari, bila jina hata humo. Lakini kuna makala ndani yake ambayo ni yako, nayo uiandike siku moja: mikono yako. Uliandika mstari mmoja kwamba maji ya kuoshea uliyapima kwa kiwiko, kama bibi yako alivyokufundisha kumwogesha mtoto mchanga, na mwalimu wako akakupa kipimajoto. Mstari huo haumfichui mgonjwa yeyote. Anza hapo: kiwiko cha bibi, kipimajoto cha mwalimu, na wewe katikati.

Kuhusu mwenzako asiyetaka sura yake ionekane: ana haki, na sheria iko upande wake tangu 1907. Picha ya mtu haichapishwi bila ridhaa yake. Picha ya soko lenye umati, ambamo watu ni sehemu tu ya mandhari, haina tatizo. Picha ya watu watatu mezani ina tatizo. Muulize kila mmoja, tena kabla ya kupiga. Na kama unayenisoma uko Ghuba, chukua tahadhari mara mbili: katika Falme za Kiarabu sheria ya makosa ya mtandao ya 2021, iliyoanza kutumika Januari 2022, inafanya kumpiga mtu picha na kuisambaza bila ridhaa yake kuwa kosa la jinai.

Kuna ukurasa mmoja ambao blogu yako haina. Wajerumani wanauita Impressum: jina kamili la mwenye tovuti na anwani anayoweza kupelekewa barua za kisheria. Sanduku la posta halitoshi. Tovuti ya mambo binafsi na ya kifamilia tu imesamehewa. Ikishavuka hapo, na hasa ikiingiza tangazo au mdhamini, unadaiwa ukurasa huo. Msichana anayeishi peke yake kuweka anwani ya chumba chake mbele ya dunia nzima, mimi simshauri. Njia nyepesi kwa sasa ni kuifunga blogu kwa nywila na kuwapa wale uwatakao, watu 20 au 30. Usione ni wachache. Barua za Salme ziliandikiwa mtu mmoja.

Na hao 20 au 30 ndio watakaokutatulia suala la ndugu na pesa, angalau nusu yake. Picha ya soko la Krismasi, taa, theluji, kikombe cha moto mkononi: kwetu picha hiyo inasomeka "ameshafika." Hakuna aliyekosea kuisoma hivyo, kwa kuwa wewe hukuwaonyesha kingine. Kile kikombe uliwekea amana na ukakirudisha ili upate pesa yako. Chupa tupu za plastiki unazirudisha dukani kwa senti 25 kila moja. Kila nyumba inalipa euro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni za umma, hata kama mwenye nyumba hana televisheni. Andika vitu hivyo. Usiandike kwa kulalamika, wala usiandike ili ndugu waone aibu. Andika tu hesabu, kama mama wa Tanga anavyomhesabia mwanawe pesa ya sokoni. Mjomba akiona kwamba chupa nne tupu ni euro moja na kwamba wewe unazibeba dukani kwa mfuko, ataelewa mengi bila wewe kumkatalia. Na atakayeomba bado, mjibu kwa simu, yeye peke yake. Blogu haijibu maombi ya pesa.

Pesa za blogu yenyewe nitazipitia haraka. Kibali chako ni cha mafunzo. Kuruhusiwa kuajiriwa saa kadhaa za ziada kwa wiki si sawa na kuruhusiwa kujiajiri, na matangazo au malipo ya kampuni huhesabiwa kuwa kujiajiri. Kabla hujapokea hata euro moja, iulize kwa maandishi ofisi ya wageni ya mji wenu, na jibu lao ulitunze. Kwa makala za Kiswahili zinazosomwa na watu mia mbili, mapato hayatafika hata nauli yako ya basi; usihatarishe kibali kwa ajili hiyo. Na siku utakayorudi Tanga ukataka kuendelea, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwanza, kwa kuwa kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zilizowataka wenye blogu kujisajili na kulipia leseni, zimeandikwa upya 2020 na kurekebishwa tena 2022.

Hukuniuliza kuhusu lugha, lakini makala zako mbili za mwisho zimeanza kuteleza: Kiingereza kimeingia, halafu Kijerumani, halafu sentensi inarudi nyumbani imechoka. Baki na Kiswahili. Mwaka 1896 kijana aitwaye Salim bin Abakari alisafiri na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia, akasimulia safari yake kwa Kiswahili, na ikachapishwa 1901 katika mkusanyiko wa safari za Waswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na kitabu chake cha desturi za Waswahili kikatoka 1903. Na mtandao ulipofika, Ndesanjo Macha alianza kublogu kwa Kiswahili 2004 akiwa Marekani. Siku hizo blogu tukiziita gazeti tando, neno ambalo mimi bado nalipenda. Unaandika katika njia iliyokwisha kukanyagwa. Neno la Kijerumani likikosa mwenzake, lieleze kwa sentensi. Uliposema ofisi ya wageni ni "mahali unapongojea namba yako ikuite", nilicheka kwa furaha, kwa kuwa nami nimekaa kwenye viti vile.

Kama mikono imechoka baada ya zamu ya usiku, usiandike. Chukua simu, umrekodie mdogo wako ujumbe wa sauti ukiwa kwenye basi, umsimulie kama ambavyo ungemsimulia jikoni. Siku ya mapumziko uusikilize na uunakili neno kwa neno. Utashangaa jinsi sentensi zako za mdomoni zilivyo na nguvu kuliko zile unazozitunga mezani. Makala ya saa ilitoka hivyo, sivyo? Inasikika.

Kisha hifadhi. Usiache kazi yako mahali pamoja. Mwaka 2009 Yahoo ilifunga GeoCities, na kurasa za mamilioni ya watu zikaondoka nayo. Google nayo imejiwekea haki ya kufuta akaunti binafsi iliyokaa miaka 2 bila kuguswa. Pakua nakala ya blogu nzima kila mwisho wa mwezi, iweke kwenye kifaa chako, na mara moja kwa mwaka chapa kwenye karatasi umpelekee mama. Karatasi haihitaji bando.

Nikirudi kwenye zile 11: ya nane iondoe leo kabla hujalala. Ya sita, yenye picha ya mezani, toa picha uache maneno. Ya upweke ifiche mpaka umemsomea mama, kisha yeye aamue. Ya saa iache ilivyo, ila ongeza kitu kimoja, kwa kuwa mazungumzo yenu ya simu uliyaachia pale mama alipodhani kuna mvua. Ulipomweleza kwamba jua limezama kweli, saa kumi, mbele ya macho yako, alikujibu nini?